Anti, mume wangu kafuta siku zote za kupumzika akaweka parki mbili zaidi, nifanyeje?

Shikamoo anti. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo naona nikikaa kimya ntapasuka.

Tunaishi Georgia, pembeni ya Atlanta, huu mwaka wa tisa. Mume wangu anaendesha lori masafa marefu, mi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti za usiku. Watoto watatu, wa kwanza wa kiume ana 13, binti ana 9, na kitinda mimba ana miaka minne, huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Na mama mkwe wangu yupo, kaja toka Korogwe mwezi wa tatu, ana miaka 68, magoti yanamsumbua, anarudi Agosti.

Sasa tumechanga hela miaka miwili kwenda Orlando, kule Florida kwenye parki za michezo. Tunaenda mwezi wa saba, Jumamosi mpaka Jumamosi, tumekodi nyumba Kissimmee yenye bwawa la kuogelea na jiko, tunaenda kwa gari masaa saba hivi. Tiketi za Disney tumeshanunua, siku nne watu sita, nimelipa kidogo kidogo mpaka nikamaliza. Ratiba niliandika mwenyewe nikabandika kwenye friji: Jumapili Magic Kingdom, Jumatatu Animal Kingdom, Jumanne PUMZIKO, Jumatano Hollywood Studios, Alhamisi EPCOT, Ijumaa PUMZIKO na kufunga mizigo. Nikaona nimefanya jambo la maana.

Wiki iliyopita narudi kazini asubuhi, naenda kuchukua maziwa, nakuta mzee kachukua peni nyekundu ya binti yetu kakata neno PUMZIKO mara mbili. Jumanne kaandika Epic Universe, Ijumaa kaandika SeaWorld, parki za huko huko Orlando ila si za Disney, tiketi zake mbali. Hajaniuliza. Kijana wetu mkubwa amesimama pale anacheka mpaka meno ya mwisho.

Nilipomuuliza akaniambia "sijaendesha masaa saba kwenda kulala, kulala tutalala Georgia". Eti jirani yetu mmoja Mkenya alizunguka parki sita siku sita na watoto wake wakafurahi. Nikamwambia hela, akasema ataongeza safari mbili za lori. Nikamwambia magoti ya mama, akasema tutakodi kiti cha magurudumu. Nikamwambia mi nachoka, akanyamaza, af akasema mama yake hatarudi tena Marekani kwa umri ule, anataka aone kila kitu. Hapo mi nikakosa la kusema anti, maana najua mume wangu mwenyewe baba yake alimpeleka Sabasaba mara moja tu maisha yake yote na mpaka leo anaihadithia kama hija.

Lakini mi nakumbuka miaka miwili nyuma, tulienda parki moja kwenye jimbo lingine siku tatu mfululizo. Siku ya tatu dogo alitapika kwenye foleni, binti akakaa chini kwenye lami akakataa kunyanyuka, mzee akaenda kuleta maji akapotea dakika arobaini kumbe kasinzia kwenye benchi. Njia nzima kurudi hatukuongea. Kwenye picha sote tunacheka, ndugu nyumbani wakaandika mashallah mnafaidi.

Na mama mkwe nikimuuliza anataka nini ananiambia "mwanangu mi nikae nyumbani niwalindie vitu". Sijui ndo anakwepa ugomvi wetu au kweli.

Tukirudi ni Jumamosi usiku, Jumapili usiku naingia shifti. Anti niambie, mi ndo mvivu au? Maana nimeshaanza kuichukia safari hata haijafika.

Mama Watatu, Georgia


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mvivu wapi na wewe, mtu wa shifti za usiku na watoto watatu na mama mkwe. Nimesoma barua yako vizuri tu mpaka pale mwisho ulipoandika kama kitu kidogo kwamba Jumapili usiku unaingia kazini, hapo nikaweka kikombe chini. Kwa hiyo ratiba ya mzee ni siku sita za kutembea juani, siku ya saba barabarani, siku ya nane unanyanyua wazee wa watu kitandani usiku kucha. Na hakuna hata mmoja ndani ya nyumba aliyeliona hilo, hata wewe umelitaja mwisho mwisho.

Kabla sijaingia ndani nikwambie najua ninachosema, mi mwenyewe kabla ya kuhamia huku nilipo nilifanya usafi wa vyumba hotelini kule kule Orlando miaka sita. Ukisafisha chumba unajua familia ipo siku ya ngapi bila kuuliza. Siku ya kwanza na ya pili kitanda kimerukiwa, kuna makombo ya biskuti na masanduku yamepangwa. Siku ya tano pipa limejaa plasta za visigino, soksi mbichi zimeanikwa kwenye taa, na kuna mto chini sakafuni maana mtu kalala mbali na mwenzie. Kuna siku nimegonga saa tano asubuhi nimeambiwa wametoka wote, nafungua bafuni nakuta baba mzima amelala ndani ya sinki la kuogea na nguo zake na mto, akanambia kwa sauti ya chini "tafadhali usiwaambie, wanajua nimeenda kununua dawa". Nikamfungia mlango taratibu nikaenda chumba kinachofuata, ningefanyaje.

Sasa tuanze na hesabu maana mumeo ni mtu wa lori, hesabu anaielewa kuliko machozi. Tiketi za Disney za siku nyingi bei ya kila siku inashuka kadiri unavyoongeza siku, kwa hiyo siku ya tano kwenye tiketi mliyonayo ingekuwa nafuu. Lakini yeye haongezi siku ya tano ya Disney, anaongeza siku ya kwanza kwa kampuni nyingine, mara mbili, na siku ya kwanza ndo ghali kuliko zote popote pale. Epic Universe ilivyofunguliwa Mei 2025 tiketi ya siku moja ya mtu mzima ilianzia dola 139, na hiyo ni ya siku za bei ya chini, mwezi wa saba usitegemee. Na mtu mzima kwao ni kuanzia miaka 10, kwa hiyo kijana wako wa 13 analipa kama baba yake. Zidisha watu sita, hata kwa bei ile ya chini kabisa mmevuka dola mia nane hamjanunua chipsi wala hamjalipa pakingi. Af SeaWorld tena watu sita. Hizo safari mbili za lori anazosema ataongeza zote zinaishia hapo, na atafika Orlando ametoka barabarani na anarudi barabarani.

Na hao sita wanaolipiwa wataingia kwenye nini? Watoto wa miaka minne wengi wanakuwa na urefu wa sentimita 100 au juu kidogo. Pale Epic ile treni yao kubwa ya kupanda na kushuka kwa kasi, Stardust Racers, inataka urefu wa sentimita 122, na mingine mingi inaanzia 102. Kwa hiyo unamlipia dogo tiketi akasimame na bibi yake kivulini kuwaangalia wengine wanapiga kelele, na anayewasimamia hapo kivulini ni nani? Ni wewe.

Na hali ya hewa msiisahau. Florida ya kati mwezi wa saba joto linafika nyuzi 33 na unyevu wake ni ule wa Tanga mwezi wa pili, nguo inakugandia mgongoni saa tatu asubuhi. Mchana saa nane saa tisa mawingu yanakusanyika, radi inaanza, na radi ikianza michezo ya nje inafungwa mpaka itulie. Karibu kila siku hivyo. Kwa hiyo zile saa kumi na mbili anazozihesabu mzee kichwani kwamba tutafaidi parki tangu kufungua mpaka kufunga hazipo, zilizopo ni asubuhi na jioni.

Kuna watu watakwambia dawa si siku ya kupumzika, dawa ni kurudi mchana mkalala mkaenda tena jioni. Kwa aliyefikia hoteli za ndani ya Disney ni ushauri mzuri sana. Kwenu nyie wa Kissimmee hapana. Pale Magic Kingdom gari unaiacha mbali, unapanda treni ndogo ya pakingi, af unapanda monoreli au feri kuvuka maji ndo ufike getini. Kurudi ni hivyo hivyo, halafu uendeshe mpaka Kissimmee, ufungue viatu vya dogo, tayari saa nzima na nusu imeondoka na mtatakiwa mrudi tena kwa njia ile ile na mama wa magoti. Mtagombana kwenye feri. Kwa mliofikia mbali siku nzima ya kupumzika inalipa kuliko mchana wa vipande vipande.

Kwa hiyo Jumanne yako ni ya haki kabisa, na umeiweka mahali pake, baada ya siku mbili. Wengi wanaiweka mwisho, siku ambayo miguu imeshaharibika.

Ila na wewe nikuulize kitu, na usikasirike. Hiyo Jumanne uliyoandika PUMZIKO, nani anapumzika? Maana nyumba ina jiko. Naijua hiyo Jumanne, mama mkwe yupo, watoto wana njaa kila saa, utaamka utapika chapati, utafua nguo za siku mbili za watu sita, mchana utapika wali, jioni utaosha vyombo, na mzee atakuwa kwenye kochi na simu anaboreka anasema si bora tungeenda Epic. Na atakuwa na haki ya kuboreka! Umempa siku isiyo na kitu ndani, akaona pengo, akaziba. Mtu wa lori akiona nafasi kwenye trela anapakia.

Sasa fanya hivi. Jumanne asubuhi baba na kijana mkubwa waende Epic, wawili. Binti muulize kwa faragha, asiwepo kaka yake, akitaka kwenda aende nao, wa miaka 9 urefu wake unaruhusu mingi tu. Hapo mmelipa tiketi mbili au tatu badala ya sita, mzee kapata parki yake, kijana wa 13 kapata siku na baba ambaye wiki nzima huwa yuko barabarani, na hilo mi naliona kubwa kuliko hiyo parki yenyewe. Mtoto wa 13 akifika 16 hutampata tena kwa tiketi yoyote.

Nyumbani mnabaki wewe, mama na dogo. Hamna kupika. Jumatatu usiku mkitoka Animal Kingdom mnapita kununua kuku wa kuoka na mkate na matunda, Jumanne mnakula hivyo hivyo kwenye sahani za karatasi. Kuogelea asubuhi kabla ya saa sita maana ikianza kupiga radi mnatoka kwenye maji bila mjadala. Mchana dogo analala na wewe unalala, mlango umefungwa simu imezimwa. Kufua afue mzee akirudi jioni, mashine ndo inafua si yeye.

Lakini mzee naye hatakuwa amepumzika, na ndo dereva wenu, kwa hiyo Alhamisi msiamke mapema. EPCOT sehemu yake ya zile nchi kuzunguka ziwa kwa kawaida inafunguliwa saa tano asubuhi, haina haja ya kukimbizana. Nyie nendeni saa tisa au saa kumi, mvua ikishaanza kwenda zake, zungukeni taratibu mpaka fataki za usiku. Kuzunguka lile ziwa tu ni karibu kilomita mbili kwa hiyo kiti cha magurudumu cha mama kodini siku hiyo hata akisema anaweza.

Ijumaa, SeaWorld hapana. Sina ugomvi na SeaWorld, ipo tangu 1973 na watu wanaipenda, ila siku moja kabla ya masaa saba ya barabara na wewe una shifti, hapana. Kama mzee lazima atoke, kaskazini ya Orlando kuna chemchemi ya Wekiwa, ni hifadhi ya jimbo, gari zima na watu wake ni dola 6. Maji yanatoka ardhini baridi yale yale mwaka mzima, nyuzi 22 hivi, na ni meupe unaona mchanga chini. Mama anakaa ukingoni anatumbukiza miguu, magoti yatamshukuru. Ulizieni kwanza utaratibu wao wa kuingia, mfike saa mbili asubuhi wakifungua, na saa sita muwe mmerudi kufunga mizigo. Mkiamka mmechoka msiende, ni dola sita, hakuna wa kumlilia.

Sasa tuje kwa mama mkwe maana nahisi ndo kiini cha yote. Mumeo hagombanii parki, anagombania mama yake. Ameondoka Korogwe kijana, ameishi kwenye lori, na sasa mama kaja miezi michache na anaziona siku zinayeyuka. Kwa hiyo usimwambie tena kwamba umechoka, atasikia unamnyima mama yake. Muulize hivi, akiwa ameshiba na si usiku ametoka safari: baba fulani, unataka mama aone, au unataka aonekane amefika? Ukiuliza muache ajibu, usimsaidie.

Maana kuona kwenyewe mama ataona pazuri sana, na tiketi yake mnayo tayari. Ile Animal Kingdom ndani yake kuna kijiji kinaitwa Harambe, ndio, Harambe, kimejengwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu, Lamu hasa, kuta zimechubuka makusudi na vibao vya Kiswahili kila mahali. Mi mara ya kwanza kwenda nilicheka nikaona aibu, umesafiri nusu ya dunia unakuta watu wanapanga foleni kuingia kwenu. Hapo hapo ndo kuna ile safari ya Kilimanjaro, mnapanda lori la wazi mnaenda kuona twiga na tembo, haina kipimo cha urefu, dogo anaingia, bibi anaingia, na mumeo wa malori atakaa mbele akosoe anavyoendesha dereva. Nendeni huko kwanza geti likifunguliwa tu, wanyama wanakuwa wametoka na jua halijawa kali. Halafu mkishuka mkalisheni mama kivulini pale Harambe nusu saa nzima, msimburute, mwacheni asome vibao na kuwasahihisha Wamarekani Kiswahili chao. Hiyo nusu saa ndo mzee atakayoihadithia, kama hiyo Sabasaba yake.

Na lile la "nikae nyumbani niwalindie", mwanangu, mama mkwe akisema hivyo anasema mawili, kwamba amechoka na kwamba hataki kuwa mzigo. Usimuulize tena anataka nini, wa umri ule hawezi kukujibu mbele ya mtoto wake. Mwambie tu Jumanne mama nakuomba ukae na mimi, nahitaji mtu. Utaona uso wake.

Yaliyobaki ni madogo. Kesho asubuhi ukitoka shifti, kabla hujalala, mpigie msimamizi wako uombe kubadilishana ile Jumapili na mtu, ulipe Jumatatu au Jumanne, na hili lifanye kabla hata hujaongea na mume, hili halina mjadala. Dogo mpime urefu leo na viatu atakavyovaa, umwambie mapema kipi ataingia na kipi hataingia, kilio kitokee nyumbani. Hollywood Studios mkifika kwenye mchezo ambao yeye hatoshi ombeni Rider Switch, ni bure, mmoja anasubiri naye, akitoka mwenzie na wewe unaingia bila kupanga foleni upya. Maji ya barafu wanatoa bure kwenye vibanda vya chakula vyenye kaunta, msinunue chupa. Na mama mnunulieni raba wiki hii, azivae akitembea hapo mtaani kwenu jioni jioni mpaka zilainike, maana raba mpya ikianzia Magic Kingdom, Jumatatu hiyo Harambe ataiona kwenye simu ya mjukuu wake akiwa kitandani na visigino vya malengelenge.

Niandikie mkirudi. Na picha ya mama pale kwenye kibao nitumie, hiyo naidai.